Mshono wa Mkono Mwingine

Mshonaji viti alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kiti cha pikipiki, akakisimamisha katikati ya mshono. Uzi ule haukuwa wake.

"Kiti kipya," alisema.

"Kipya, dada. Ukiiona pikipiki nzima utadhani imetoka dukani jana," kaka yake alijibu, akiifuta taa ya mbele kwa pindo la shati.

Tangi liling'aa jekundu. Kijana, mwana wa mshonaji, alikuwa amekwisha panda, magoti yamelibana tangi, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu aanze kusukuma mkokoteni wa maji. Akiba yake yote ilikuwa mfukoni. Kesho alitaka kuanza kubeba abiria.

Mama hakutabasamu. Chini ya turubai hili alikuwa ameshona viti vya nusu ya pikipiki za mji, na cha kaka yake alikishona bure kila kilipochanika. Safari hii kwa nini kimepelekwa kwa mgeni?

"Nani kakushonea?"

"Jamaa mmoja huko. Sikutaka kukusumbua."

"Wewe uliyenigongea mlango usiku wa harusi yangu kuazima pasi, leo ndio unaogopa kunisumbua?"

Kijana alicheka. Mjomba wake naye alicheka, ila kicheko kilimkauka mapema.

"Shuka, mwanangu. Mshono umepinda. Nikifungue nikirekebishe."

"Mama, acha bwana. Anayeniuzia ni mjomba, si mtu wa sokoni. Sasa tuanze kukaguana?"

Hapo ndipo palipouma. Mgeni akikuuzia, unamlalia chali chini ya injini, unamgongea hata rimu kwa spana usikilize mlio wake. Ndugu hakaguliwi. Ndugu unapokea ufunguo, unashukuru.

Kijana alishuka shingo upande, na mshonaji akachukua spana. Bolti zikalegea, kiti kikainuka. Chini yake, pale fremu inapoanza kushuka kuelekea gurudumu la nyuma, palipakwa rangi nyeusi, mbichi, nene kuliko kwingine. Alikwaruza kwa ncha ya mkasi. Rangi ikabanduka kama ganda la kidonda, na uvimbe wa kuchomelea ukajitokeza, umelizunguka bomba lote. Chuma kilikuwa kimekatika kabisa, kikaungwa.

Kaka yake alitazama barabarani.

"Nilianguka wakati wa mvua," alisema hatimaye, sauti iko chini. "Fundi amenihakikishia itabeba."

"Itabeba nani?"

Kaka yake aliifuta tena taa ya mbele.

"Basi panda, kaka. Nenda kamchukue binti yako shuleni, mpakie nyuma, mshuke naye mteremko ule mpaka darajani. Mkirudi salama, mwanangu atakulipa, na mimi nitakuomba radhi hapa hapa, watu wote wakisikia."

Hakupaza sauti. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwa kaka yake. Akaufumbia ngumi.

"Mama, yatosha," kijana alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

Mshonaji alikirudisha kiti mahali pake, akakaza bolti moja baada ya nyingine, taratibu, vilevile anavyomkazia mteja aliyelipa. Alipomaliza alijiweka kando.

Kaka yake hakuipanda pikipiki. Aliishika usukani, akaanza kuikokota akipanda nayo barabara, mgongo umeinama. Kijana alisimama kitambo, mkono mfukoni. Kisha akamfuata mjomba wake, akaweka viganja nyuma ya kiti, akasukuma.

Mama alibaki chini ya turubai na mkasi wake, akiwatazama. Vumbi la barabarani lilikuwa laini, na kwa kuwa fremu iliungwa ikiwa imepinda, tairi la nyuma halikupita lilipopita la mbele. Alama zilikwenda mbili, upana wa vidole viwili kati yake, sambamba, hadi kwenye kona, na ng'ambo ya kona.