Jua la Ghorofa ya Chini

Gyu-tae, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliniita mjini Daegu nimshawishi mama yake. Hakuniita nimsikilize, aliniita nimshawishi, nami nilimwambia palepale kwenye simu kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Mtaa wao wa mlimani ulikuwa ukibomolewa. Majirani walikwisha kuondoka, milango yao imepigwa alama za rangi nyekundu, na nyumba pekee iliyobaki na watu ilikuwa ya shemeji yangu Bong-nye. Yeye hakupinga kuhama. Ndiye aliyeifungua kalenda ya mwezi mwandamo akachagua siku isiyo na pepo, siku ambayo hakuna kibaya kitakachomfuata mtu na vyombo vyake njiani. Na kwa kuwa mji mzima huhama siku kama hiyo, gari lilikodiwa mapema. Sahani zilikwisha kuviringishwa magazetini. Mablanketi yalikwisha kukazwa kamba. Uani palibaki mtungi mmoja mweusi, mpana kama tumbo la ng'ombe, na huo ndio uliozua vita.

Ndani yake mlikuwa na mchuzi wa soya ambao shemeji yangu aliukuta siku alipoingia kwetu bibi harusi. Mama yetu naye aliukuta kwa mavyaa yake. Kila mwaka mchuzi mpya huongezwa juu ya ule wa kale, na wa kale huufundisha mpya ladha ya nyumba. Mchuzi wa namna hiyo lazima ufunuliwe mchana uote jua. Ukikosa jua huingia ukungu ukafa, na ukifa, hakuna duka liuzalo mwingine.

"Baba mdogo, mwambie huyu," Gyu-tae alianza kabla sijavua viatu. "Nimemtafutia fleti ghorofa ya kumi na nne, jengo letu hilohilo. Mto wote anauona akiwa kitandani. Nani anakataa mto?"

"Mto ndio nitachovyea wali?" mama yake alijibu huku akiupangusa mtungi. "Shemeji, hebu muulize roshani yake inatazama wapi."

"Si nimesema? Inatazama mto."

"Na mto uko kaskazini, upande usiofikiwa na jua, wewe mtoto!"

Gyu-tae, mtu mzima, aliyekulia uani palepale, alikuwa amemchagulia mama yake nyumba bila kuuliza jua litaingilia dirisha lipi. Mkewe Seol-hui, aliyekuwa akifunga vijiko, aliinamisha kichwa kuficha kicheko.

"Basi tuumimine kwenye madumu ya plastiki, tuuweke kwenye friji," Gyu-tae alisema. "Watu wananunua wa chupa, Mama, na hawafi."

"Hawafi. Lakini wanakula?"

Wote wakanigeukia mimi, mkubwa wa ukoo. Sikuzoea kutoa hukumu juu ya jambo nisilolitazama. Nikawaambia, "Kesho tukaone."

Kesho yake dalali alitufungulia fleti hiyo. Bong-nye alikuja na bakuli la ule mchuzi. Aliliweka kwenye sakafu ya roshani, akatandika gazeti, akaketi kando yake kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Jua lilizunguka nyuma ya jengo, likaangaza kila kitu ng'ambo ya mto, lakini bakuli halikuguswa hata na ukingo wa mwanga.

"Sasa umeuona mto, Mama?"

"Nimeuona. Mzuri. Na kivuli chake nimekiona." Akainuka, akamgeukia dalali. "Upande wa pili wa jengo kuna nini?"

"Iliyo wazi ni moja tu, bibi, ghorofa ya chini. Ila hiyo haina mtu anayeitaka. Wapita njia wanachungulia mpaka ndani ya sufuria."

"Twende."

Huko jua lilikuwa limelala sakafuni kama mkeka, na chini ya dirisha palikuwa na kipande cha ardhi. Alipoweka bakuli, mchuzi uling'aa mwekundu ukingoni. Bong-nye alifungua mkoba wake akatoa muhuri wa jina lake, ule wa kugongea mikataba.

"Mama, usigonge!" Gyu-tae alipaza sauti. "Watu watasema nimemtupa mama yangu chini pamoja na mlinzi wa geti, mimi nikalala juu!"

"Waseme. Mlinzi si mtu?"

"Baba mdogo, sema neno!"

"Neno ninalo," nilisema. "Aibu ni yako, nyumba ni ya mama yako. Usimbebeshe mzigo wako."

Uso wake ulibadilika. "Vizuri. Ukigonga huo muhuri, Mama, siku ya kuhama usinitafute."

Bong-nye aliupumulia muhuri, akauegemea kwa uzito wake wote. "Siku iko palepale," alisema. "Kuja ni juu yako."

Siku ilipofika Gyu-tae hakuja. Lilikuja gari alilokuwa amelikodi mapema kwa ajili ya ghorofa ya kumi na nne, lenye ngazi ndefu ya kupandishia vyombo ghorofani.

"Bibi, ngazi hii tuiegemeze wapi?" msimamizi wa wapakiaji aliuliza tulipofika kwenye jengo, akitazama dirisha lililo usawa wa kiuno chake.

"Kwenye kiburi cha mwanangu. Ndiko kwenye urefu."

Wapakiaji walicheka hadi wakakaa chini. Lakini mtungi uliojaa walikataa kuugusa, wasije wakaumwaga. Bong-nye alitangulia na sufuria ya kupikia wali iliyojaa mchele, maana hiyo ndiyo huingia nyumba mpya kabla ya chochote. Na nyuma yake tukaushusha mtungi garini mimi na Seol-hui, aliyeshuka bila kuitwa, mikono ya sweta ameikunja. Tulisimama mara nyingi. Hatukumwaga.

Tuliutua juani chini ya dirisha, Bong-nye akafunua kifuniko. Harufu ikatembea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mbwa aliziba pua. "Harufu gani hii, jamani?"

"Ya nyumba yangu," Bong-nye alimjibu. "Pita, au ingia ule."

Kisha akainua macho. Juu kabisa, kwenye dirisha wazi la ngazi za jengo, alisimama Gyu-tae akitutazama. Mama yake alimwelekezea upawa.

"Gyu-tae! Huku jua limefika! Huko kwenu je?"

Gyu-tae alishika kipini cha dirisha. Lakini dirisha hakulifunga.