Shamba Lisilo na Mistari

Kalala, moniteri wa kilimo, alikuwa na ugonjwa mmoja: mistari. Kwa miaka ishirini alizunguka mashamba ya Musonoi, kando ya Kolwezi, na baiskeli ya serikali, akifundisha watu kupanda mahindi kwa kamba na kupalilia mpaka udongo ung'ae. Enzi za Wabelgiji agronomu, bwana shamba wao, alikuja na kiboko. Kalala alikuja na mbegu na maneno matamu. Kisha serikali ikaacha kumlipa, mbegu zikakoma, naye akawa anakuja na faini na kuondoka na kuku.

Mama Ndaya ndiye aliyemshinda. Mihogo, mahindi, maboga na kunde, yeye alivichanganya vyote pamoja, magugu nayo yakajikaribisha. Kalala alimwita mchafu mbele za watu, akamng'olea nusu ya shamba. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mwezi wa tatu 1993, vijana wenye mapanga walianza kuwafukuza watu wa Kasai. Kalala, Mkasai aliyezaliwa Kolwezi hiyo hiyo, aliiacha nyumba yake ikiwaka. Mkewe Tshiela na watoto walikuwa wametangulia stesheni, na treni ya kuwapeleka Kasai ilikuwa ya siku hiyo tu. Vijana walipoiziba njia ya stesheni, alikimbilia shamba la Banza, mwanafunzi wake bora. Akajilaza katikati ya mahindi. Kushoto akaona barabara, kulia akaona kichuguu cha mwisho wa shamba. Mistari ilinyooka, chini hapakuwa na hata jani la kumficha. Machozi ya hasira yalimtoka, maana kamba aliivuta mwenyewe.

Akatambaa hadi ng'ambo ya mfereji uliotenga shamba la Banza na la Mama Ndaya. Mama Ndaya alikuwa akichuma sombe, majani ya mihogo yake. Alimwona, na Kalala akajua kwamba neno moja lake lingemmaliza.

"Ingia mule mu buchafu bwangu, tata," alisema. "Lala."

Vijana walifika, wakachungulia mistari ya Banza, wakaridhika.

"Mama, hauone Mukasai hapa?"

"Mi naona kazi tu, batoto."

Wakakaa kivulini, upande wa Banza wa mfereji, wakavuta sigara bila haraka. Mbali, treni ikapiga honi. Kalala alitaka kuinuka. Woga ukamgandamiza chini. Tshiela angepanda, au angemngoja afe naye?

Mama Ndaya aliinama karibu, kama anayefuata jani la chini.

"Tata, wacha kung'oa ile majani," alinong'ona. "Ile njo inakuficha."

Kalala akautazama mkono wake, umejaa magugu. Mbele ya uso wake udongo ulikuwa umeshang'aa. Akaanza kuyarudisha magugu, moja moja, huku treni ikiondoka.