Dole la Mwenyekiti

Kila asubuhi, kabla lango la bustani halijafunguliwa, Muna aliyafuta mapapai vumbi kwa kitambaa chenye maji, mti baada ya mti, hadi ukingoni mwa mto. Jumamosi moja kidole chake kilizama. Papai lilikuwa na shimo la dole gumba, lenye alama ya ukucha na kovu, na shimo lenyewe lilikuwa na joto. Kufikia saa mbili hakuwa ameona papai zima hata moja.

Swaleha, mama yake, alinusa moja, akafukuza nzi.

"Fungua lango. Wageni wameshafika kutoka Garsen."

Wageni walifurahi. Kila mmoja alichomeka dole lake shimoni kujaribu kama litaenea, akalitoa, akalilamba. Maji ya papai yaliwachuruzika hadi viwikoni. Halikuenea la yeyote.

Saa nne alikuja Bilal, mwenyekiti wa kikundi cha maji, anayeshika ufunguo wa pampu ya mashamba ya Ozi. Huja kila wiki kuchagua mapapai, na huchagua kwa kuminya. Alitia dole lake. Likakaa sawasawa, kovu juu ya kovu.

"Langu hili!" alisema. "Mama Muna, nimeota kwenu!"

Watu wakacheka. Alilinyonya dole, kisha, likiwa bado na mate, akamminya Muna juu ya kiwiko, kama alivyofanya kila wiki.

"Na hili je, bado halijaiva?"

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliuchukua mkono wa Muna, alama ya dole ikiwa bado ngozini, akauweka kando ya papai.

"Ni dole moja," alisema. Kisha akauliza kama papai lile litafika Garsen bila kuoza.

Bilal alipokwenda, Muna aliusugua mkono kwa mchanga. Harufu ya mate haikutoka.

"Mama, mwambie asije tena."

"Anatania tu. Vaa mikono mirefu."

"Nilivaa wiki iliyopita. Aliikunja."

Swaleha alikuwa akipanga mapapai mezani, mashimo yakiangalia chini. Pampu ilinguruma, maji yakaingia mferejini. Aliyatazama mpaka yakafika kwenye shina la kwanza.

"Najua anachofanya, mwanangu," alisema. "Nimejua siku zote. Bora akuminye wewe kuliko atufungie maji."