Mama Yake Inez Aliyezama

Asubuhi ile Bi Ottilie Krantz alikuwa anakaanga mayai jikoni kwa binti yake, na maji yalikuwa yanamchuruzika kutoka kwenye mikono ya gauni mpaka ndani ya kikaango. Mafuta yakawa yanaruka. Alirudi nyuma, akakamua mkono mmoja, akakamua wa pili, akaendelea kugeuza mayai.

"Mama, umeloa," binti yake alisema kutoka mlangoni.

"Nimeona. Na ni maji ya bahari haya. Mayai usiyatie chumvi."

Gazeti lilikuwa mezani kando ya kahawa. Lilikuwa na picha ya huyo binti, Inez Valcourt, amelalia ngozi ya chui, na chini yake habari za maisha yake: kwamba alizaliwa Sevilla, na kwamba mama yake, mcheza dansi wa Kihispania, alizama na meli Inez akiwa bado ananyonya. Ukweli ni kwamba Inez alizaliwa Scranton, mji wa migodi ya makaa ya mawe, akaitwa Hulda. Mama yake alikuwa anafulia watu nguo, na hajapata kupanda hata mtumbwi.

Hollywood ya siku zile kila nyota alikuwa na msiba wake, kama kila ua ulivyokuwa na mchungwa wake. Misiba iligawiwa na Merle Toomey, mpiga debe wa studio aliyewatungia nyota habari za magazetini, bwana mpole aliyetembea na lozi mfukoni. Inez akampigia simu.

"Merle, mama yangu analowesha sakafu."

"Pole. Nilitaka kukupa moto, lakini moto ameshapewa yule msichana wa filamu za farasi. Zilibaki meli na kifua kikuu."

"Waambie waandike kwamba yu hai."

"Inez, mpenzi, watu wameshalia. Utawarudishiaje watu machozi yao? Tafuta ndoo."

Alitafuta ndoo. Kufika mchana mama alikuwa anatoa mwani kwenye viatu, na visigino vyake vilikuwa vinapiga dansi sakafuni, goti lake bovu likilalamika.

"Sijui nafanya nini," mama alisema. "Miguu imejiamulia."

Sasa, Inez alijulikana kwa ulimi. Mchungaji mmoja wa Pasadena aliposema gauni lake kwenye filamu ni fupi mno, alimjibu, "Mwambieni ahamie viti vya nyuma." Nchi nzima ililisoma hilo. Tangu hapo waandishi walimjia kama watu waendao kisimani, na neno lake walilicheka kabla halijatoka lote. Basi akawaza: ulimi ndio ulionifikisha hapa, ulimi huo huo utamtoa mama yangu majini.

Akamwalika chai Cordelia Hatch, ambaye safu yake gazetini ilisomwa na kila mtu, na hasa wale walioapa hawaisomi. Hakumkalisha sebuleni. Alimpeleka jikoni moja kwa moja, mama akiwa anamenya viazi katikati ya dimbwi lake.

"Huyu ni mama yangu," Inez alisema. "Ottilie Krantz, wa Scranton. Hajazama. Andika hivyo hivyo."

Cordelia alimpa mama mkono, akaurudisha glavu imeloa chepechepe. Hakushangaa. Wiki iliyopita alikuwa amemhoji mwigizaji mwenye vivuli viwili.

"Nimefurahi kukuona, bibi. Pole kwa ajali."

"Ajali ipi?" mama akauliza. "Ningekuwa nimekufa, angalau viazi angemenya mwingine."

Cordelia akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe ndiko ulikoutoa ulimi huo! Inez, wewe mtundu wewe!"

"Sitanii, Cordelia. Huyu ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakupenda. Hata kutabasamu hutabasamu."

Kesho yake safu iliandika kwamba Inez Valcourt ana mzimu wa mama yake jikoni, unapika kuliko hoteli na haudai mshahara. Nchi nzima ikacheka. Bi Ottilie aliposimama mbele ya jiko asubuhi ile, jiko lilionekana kupitia tumboni mwake, na birika juu yake, na moto wa gesi.

Inez hakuchoka. Aliwaambia waandishi wengine ukweli bila kutabasamu, wakaandika kwamba hajapata kuchekesha namna ile. Alilia mbele yao, wakaandika kwamba anajinoa kwa filamu ya huzuni. Alinyamaza, wakakisifu kimya chake.

Na kichwa chake nacho kikaanza kumchezea. Alijaribu kulikumbuka beseni la kufulia la Scranton, na mikono ya mama iliyobabuka kwa sabuni. Lakini beseni lilikua, likaota kingo za chuma, na ndani yake watu waliovaa nguo za kulalia walikuwa wanapiga kelele kwa Kihispania.

"Mama, baba alifia mgodini, sivyo?"

"Mgodini au baharini," mama alisema. "Palikuwa na giza."

"Na mimi utotoni nilikuwa nakuitaje?"

Mama aliwaza sana. "Ulikuwa unanyonya," alisema. "Hukuwa unaniita kitu."

Filamu mpya ilipotoka, Merle alitengeneza ukumbusho: Inez atatupa shada la maua baharini kutoka gati la Santa Monica, wapiga picha wakiwepo. Merle alishangaa jinsi alivyokubali upesi. Inez alikuwa amejiambia kwamba kamera haina masikio ya kusikia mzaha. Atasimama na mama yake bega kwa bega, nchi nzima iwaone wawili.

Wakasimama. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, linachuruzika.

"Bibi," mpiga picha mmoja aliita, "sogea kidogo, unaniingilia kwenye picha."

"Asisogee!" Inez alisema.

"Mwache mwenzio afanye kazi yake, mwanangu," mama alisema, akasogea. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupisha kazi za watu.

"Lakini marehemu mwenyewe ndiye huyu!"

Gati zima likaangua kicheko. Mtu akaliandika neno hilo. Shada lilikuwa zito mikononi mwa Inez, kamera zinangoja, na hakujua afanye nini kingine. Akalitupa.

Asubuhi iliyofuata picha ilikuwa ukurasa wa kwanza: Inez, maua, bahari. Bi Ottilie aliisoma habari yote polepole, gazeti likilowa chini ya vidole vyake. Kisha akajifuta macho kwa aproni, ingawa haikusaidia.

"Maskini mama wa watu," alisema. "Kuzama, na kuacha mtoto mzuri hivi."

"Ndiyo," Inez alisema.

"Na wewe, binti? Mama yako yu hai?"

Inez alifikiri. Alifikiri kweli.

"Gazeti linasema hapana."

"Basi kula," mama alisema, akamsogezea mkate.