Mayai Yasiyogusa Maji

Thérèse alisikia kelele zao kabla hajaona vichwa vyao juu ya ukuta wa mawe. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku jeupe la frigolite, lile ambalo wauza samaki wa Kituku hubebea barafu, anafuta kwa kitambaa matone yaliyojikusanya chini ya kifuniko. Tone likidondokea yai, yai linaoza. Mwanawe Carlos ndiye aliyemfundisha.

"Mama Carlos! Fungula mulango! Leo tunamaliza ile uchawi yako!"

Sauti ya Kakule hiyo. Kakule mwana wa rafiki yake Katungu, ambaye Thérèse alimwogesha kwa mikono yake siku aliyozaliwa, kule Butembo, kabla akina mama hao wawili hawajahamia Goma na kujenga jirani huku Katoyi. Haya basi, dunia hiyo.

Ndani ya sanduku kulikuwa na mayai kumi na tisa ya chatu. Yalitoka Kibati, mwanzoni mwa Januari. Kakule alikuwa anashuka na chukudu lake, baiskeli ya mbao ya kusukuma, limejaa makaa, akakuta watu wamemzingira chatu jike kwenye mawe ya volkano. Akachomoa panga, akawatangulia wote. Walimkata yule nyoka vipande vipande, naye wala hakukimbia. Alizidi kujiviringisha juu ya mayai yake mpaka kichwa kikaachana na mwili. Carlos, aliyekuwa anasoma biolojia chuo kikuu, alifika mambo yamekwisha. Alivua shati, akayafunga mayai humo, akamwambia Kakule mbele za watu kwamba ameua kiumbe kisichomdhuru mtu. Kakule alicheka tu siku hiyo.

Kwanza Carlos aliyafukia mayai kwenye vumbi la mbao lililoloweshwa. Kumi na moja kati ya yale thelathini yakaota ukungu wa kijani, yakanuka nyumba nzima. Akabadilisha: maji vidole vitatu chini ya sanduku, juu yake wavu wa waya, mayai juu ya wavu, na pembeni vibidoni vya maji moto. "Yai linywe mvuke, mama, lisiguse maji," alisema. Akalichora kila moja msalaba mdogo kwa kalamu ya risasi upande wa juu, ili lisije likageuzwa. Yai la kuku hugeuzwa. La nyoka ukiligeuza, mtoto anazama humo humo ndani.

Mwishoni mwa mwezi huo huo vita viliingia mjini. Carlos alitoka kuchota maji, risasi isiyo na mwenyewe ikampata kwenye kona, bidoni bado mkononi. Katungu alilala kwa Thérèse matanga yote, akimlisha uji kijiko kwa kijiko kama mgonjwa. Na watu walipotawanyika, Thérèse akabaki na lile sanduku.

Msidhani alipenda nyoka. Aliwachukia! Mwanamke huyu alikuwa haruki hata kamba njiani. Lakini kila kitu alichokianza Carlos kilikuwa kimekufa: masomo, uchumba, jiko alilotaka kumjengea mama yake. Kilichobaki ni hiki tu. Kwa hiyo asubuhi na jioni alichemsha maji, akabadilisha vibidoni, akafuta matone, siku sabini na nane, akijiambia kwamba siku mayai yatakapopasuka ndipo atakapolia vizuri.

Sasa, midomo ya watu wa Katoyi haina mlango. Jirani yao Béata aliingia kuomba chumvi, akakuta kifuniko kiko wazi. Weee! Aliona mayai yako hewani, hayagusi udongo, hayagusi maji, kila moja na msalaba wake. Chumvi hata hakuichukua. Kufika saa sita mtaa mzima ulikuwa unajua: yai la Mungu linalala kwenye majani, chini ya mama yake; lisilogusa kitu ni la mchawi. Na Kakule, ambaye mkewe alikuwa ameharibu mimba mwezi wa pili, ambaye chukudu lilimpindukia mwezi wa tatu likamng'oa meno mawili, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Watoto wa yule nyoka wa Kibati walikuwa wanamtafuta, na aliyewalea alikuwa Mama Carlos.

Mawe yakaanza kunyesha juu ya bati. Thérèse alifunika sanduku, akachukua mchi wa kinu, akasimama nyuma ya mlango. Ubao wa kwanza ulipovunjika na mkono kupenya, aliupiga. Mfupa ukalia kwaa! na mtu akanguruma nje. Wakapiga teke mlango ukaanguka mzima mzima, wakaingia saba, na chumba kikawa kidogo.

Alipigana, jamani. Mtu asiwadanganye kwamba alikuwa mama wa kulia tu. Wa kwanza alimpasua mdomo, wa pili akampata gotini. Kisha fimbo ikashuka juu ya mkono wake wa kushoto, ukavunjika katikati ya kiwiko na kiganja, na mchi ukaanguka. Hapo ndipo alipojitupa juu ya sanduku. Alilikumbatia kwa magoti, kifua na mkono uliobaki, kichwa chini. Wakampiga mateke ya mbavu. Wakampiga ya mgongo. Damu ikamjaa mdomoni akaimeza.

"Achilia!"

"Siachilii!"

"Achilia, tutakuua!"

"Ueni!"

Mmoja wao akasema kwa sauti ndogo, "Kakule, angalia namna anajikunja. Si ni yeye yule wa Kibati?" Kakule akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Akamshika Thérèse nywele, akamvuta kwa nguvu zake zote, na mama na sanduku vikapinduka pamoja. Maji ya uvuguvugu yakatapakaa, mayai yakabingirika sakafuni.

Kakule aliponda mawili kwa buti lake, na ndani hamkutoka ute. Walitoka nyoka wawili wadogo, wamekwisha kukamilika, wanajinyonganyonga ndani ya kiini. Wanaume wale walipiga mayowe. Kakule alipiga yowe kuliko wote, akainua panga kwa mikono miwili, akashusha. Lakini nyumba za Katoyi zimekaa juu ya mwamba wa volkano, na sakafu ya Thérèse ilikuwa mwamba mtupu. Panga liliruka kutoka kwenye jiwe, likamwingia mwenyewe pajani, upande wa ndani. Damu iliruka hadi ukutani.

"Nyoka imemulipa! Nyoka imemulipa!" Walitoka wakikanyagana, hata mmoja asigeuke kumwangalia mwenzao.

Wakabaki wawili.

"Mama Thérèse," alisema Kakule, amekaa chini, ameshika paja kwa viganja vyote na damu inapita katikati ya vidole. "Funga. Ufunge na kitenge, mama."

Kitenge kilikuwa kiunoni mwa Thérèse. Na alijua kufunga. Tangu Januari, nani Goma hajui? Ilikuwa kazi ya dakika moja. Alimtazama. Kisha akatazama mayai yanapoa sakafuni, yamelala kwenye maji, misalaba imeangalia chini.

"Ngoja," alisema.

Akasimamisha sanduku, akarudisha wavu, akaanza na yai lililokuwa karibu. Alilifuta kwa gauni, akatafuta msalaba, akaugeuzia juu, akaliweka kwenye wavu. Kwa mkono mmoja kazi haiendi. La pili. La tatu. Kakule alimwita mama. Alipofika la nane, Kakule alikuwa anamwita mama yake mwenyewe, kwa Kinande, kama mtoto aliyeota vibaya. La kumi na mbili lilikuwa chini ya kitanda, ikabidi atambae. Alisikia hasira yake inampoa taratibu, akaogopa, lakini mkono haukusimama. Yalipofika kumi na saba alimimina maji, akasogeza vibidoni, akafunika.

Ndipo alipofungua kitenge, akaenda kumfunga Kakule. Alifunga vizuri kabisa, fundo la kwanza, fundo la pili, akakaza kwa meno. Damu haikutoka tena. Ilikuwa imekwisha kukoma yenyewe. Alimpigapiga shavu. "Kakule. Kakule, mutoto wangu." Alisema hivyo mara nyingi.

Nje miguu mitupu ilikuwa inakuja mbio juu ya mawe.

"Thérèse! Dada yangu!" Ilikuwa Katungu, pumzi zimemwishia. "Banasema banakupiga! Nimekuja! Yule mupumbavu wangu ni mimi nitamukamata!"

Ndani ya sanduku kitu kilianza kukwaruza. Thérèse alijaribu kusimama akashindwa.

Katungu akatokea mlangoni, mwanga wote nyuma yake, akamwona kwanza rafiki yake, amekaa, macho wazi, anapumua. Akaweka mkono kifuani.

"Mungu asante," alisema. "Uko muzima."