Mapeasi Yaliyobana Pumzi

Kwanza kilisikika kishindo cha kutwanga, kidogo kidogo, kama vinu vingi vya kitoto. Gaudensia aliacha kukamua ng'ombe, akatega sikio.

"Baba Joakimu, vimeng'enya vimeanza kazi."

Akonaay, mumewe, akafungua ghala. Mapeasi yalijaa kwenye matenga, mabichi, yakitwanga. Bwana shamba alikwishawaeleza: ndani ya tunda vimo vimeng'enya, na ndivyo vinavyotengeneza ethilini, gesi ya kuivisha. Tunda moja likiitoa, majirani zake nao huanza.

"Yataoza kama mwaka jana," alisema Akonaay. "Lori la Hamis mnunuzi limekwama tena kwenye matope, na ushirika ulishakufa. Safari hii yakioza nakata miti yote, napanda vitunguu saumu. Nimechoka kulisha nzi."

"Miti ya mama yangu hukati."

"Basi mama yako aje ayabebe!"

Gaudensia akainamia matenga. "Nyie, bila hewa hamwezi kutengeneza hiyo gesi. Baneni pumzi mpaka lori lije."

Kutwanga kukakoma. Gaudensia akarudi kwa ng'ombe wake.

Masika ikapita, mapeasi mabichi vilevile, mashavu yamevimba kama ya mtoto anayekataa dawa. Majirani wa kijiji chao cha Tlawi waliyaona, wakayapa pole.

Mwaka ule Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, na kila kitu kilikuwa njiani kinakuja. Siku moja akaja afisa mmoja wa barabara, kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini. Gaudensia akafurahi: sasa amejionea mwenyewe. Akampeleka ghalani.

"Yamebana pumzi tangu lini, mama?"

"Tangu masika ianze, mheshimiwa. Yanangoja barabara."

"Hongera sana. Tulitaka kuanzia huku kwa sababu matunda yanaoza. Kumbe yanaweza kungoja! Basi tutaanzia kwingine."

Akaaga vizuri, akashika njia na viatu vyake mkononi.

"Umesikia?" Akonaay alifoka. "Yakioza, nakata miti. Yasipooza, hatupati barabara. Sasa niambie, tufanyeje?"

Gaudensia aliyageukia mapeasi. Moja la pembeni lilikuwa limeanza kutetemeka.

"Vumilieni," aliyaambia. "Nawaahidi, miti haikatwi. Na yule bwana akirudi, nitamfungia humu ndani, mmpumulie usoni nyote kwa pamoja, naye aive."