Uchafu wa Kupaka

Gu-gu. Kimya. Gu-gu-gu, kisha mluzi. Nilikuwa bado nje ya mlango wa chuma, lakini niliitambua: mashine namba sita ya Mama Odessa Pruitt, kule Youngstown, Ohio. Mimi nilikuwa Los Angeles.

Nikasukuma mlango. Ndani ya jengo kubwa kama ghala watu wa sinema walikuwa wamelijenga upya duka lake zima la kufulia nguo: viti vya njano, dirisha lenye ufa, mashine kumi na mbili mpya kabisa. Mlio ulitoka kwenye spika. Dada mmoja alikuwa amepiga magoti na brashi, anazipaka mashine rangi ya kahawia.

"Nini hiyo?" nikamwuliza.

"Kutu," akajibu bila kugeuka. "Jana nilifanya ukungu."

Mpaka leo nikikumbuka, meno yanasagana.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mimi na rafiki yangu Thad Brozek tulipiga filamu yetu katika duka lenyewe, kila Jumapili baada ya ibada, kwa mikia ya filamu, yaani vipande vya mkanda vilivyobaki kwenye kazi za watu wengine. Mkia mmoja ulitosha dakika tatu, basi. Ukikosea, umekula hasara. Thad alishika kamera. Maneno yalikuwa yangu. Mwishoni, Mama Odessa anakunja peke yake shuka jeupe la marehemu mumewe, huku akisema shairi langu. Hakukosea hata neno.

Kwenye tamasha la filamu, huko milimani kwenye theluji, watu walisimama wakapiga makofi. Kesho yake kampuni kubwa ikainunua mezani, wakati wa kifungua kinywa. Thad alisaini. Nikasaini baada yake bila kusoma, maana nilikuwa na shughuli nyingi za kujiona mshairi.

Kisha wakaionyesha kwa watu mia tatu wa kitongoji fulani, kila mmoja na kadi ya maoni. Kadi arobaini zilisema yule mama anachosha. Kadi arobaini! Ikaamuliwa mwisho upigwe upya, na mwigizaji maarufu. Mama Odessa akaletwa kwa ndege ili amfundishe kukunja shuka.

"Tunataka ibaki halisi," aliniambia Kip Landry, mtu wa kampuni.

"Halisi? Mwenyewe si yule pale!"

"Usipandishe sauti, kaka. Tunaipenda sana roho ya kazi yenu."

Nikamtazama Thad anisaidie. Thad alikuwa anatazama viatu vyake vipya.

Ndipo tuliposikia ukelele wa yule dada wa brashi. Mama Odessa alikuwa amevua koti la kanisani, ameshika kitambaa chenye maji, na tayari alikuwa akisugua mashine ya nne.

"Mama, acha! Huo ni uchafu wa kupaka! Siku tatu za kazi!"

"Dukani kwangu kutu hailali hata usiku mmoja," alisema, akiendelea kusugua. "Nani kawaambia mimi mchafu?"

Kip alicheka kidogo, akaacha. Mama alimaliza mashine ile, akakamua kitambaa, akaketi kwenye kiti cha njano na mkoba magotini.

"Mwanangu," akaniita. "Kanisa zima nimeshaliambia. Wamekodi basi waende sinema mjini kuniona." Akanigeukia. "Kwa hiyo simo?"

Chini ya kitanda changu, Youngstown, kulikuwa na nakala yetu ya kazi, filamu nzima na mwisho wake wa kwanza, yenye mikwaruzo na alama za penseli. Kwa karatasi niliyosaini, ilipaswa kuwa imerudishwa kwa kampuni zamani.

"Umo, mama," nikasema, kwa sauti ya kumfikia Kip. "Waambie basi lao lije dukani kwako. Jumapili ya kwanza ya Mei, baada ya ibada, nitaionyesha filamu yetu ukutani, juu ya namba sita, mwanzo mpaka mwisho. Wakitaka kunishtaki, wanishtaki. Wewe lete lile shuka tulitundike."